Uso Niliouunguza kwa Taa

Kaka Shija,

Pendo ametoka sasa hivi kuifuta picha yako kwa pindo la gauni lake. Kafuta uso, kaliangalia gauni, kafuta tena. "Mama, mjomba ana unga." Nikamnyang'anya, nikamgombeza. Halafu nikakaa chini nikashika kalamu, maana wa kugombezwa ni mimi.

Picha kaileta mama yako leo asubuhi kutoka kijijini, kaifunga kwenye khanga. Anataka niirekebishe. Yuko barazani anakunywa uji.

Unaikumbuka siku ile? Ulikaa kwenye stuli ya studio yako ili nijifunze kupanga taa. Pendo analia mgongoni, wachimbaji wawili wa dhahabu wanagonga mlango wanataka picha za haraka. Nikaisogeza taa mpaka karibu na uso wako, nikabonyeza. Ulipoiona ukacheka: "Mama Pendo, umenimwagia mwanga kama unaosha ng'ombe! Geuzia taa ukutani, mwanga ukirudi unakuja mpole." Ukasema turudie. Nikasema kesho. Kesho yake ukashikwa na homa, na wiki haikuisha.

Wewe uliyepiga picha Segese nzima, yako ilikuwa hiyo moja. Ndiyo tuliyoikuza tukaiweka juu ya jeneza. Kovu la shavuni halipo, pua haipo, ni weupe na macho tu. Mama yako akaisogelea, akauliza mbele ya watu, "Huyu mzungu ni nani?" Kuna waliocheka. Nikadakia, "Ni wachapaji wa Kahama, mayu, mama yangu, wameiharibu."

Wachapaji hawakukosea kitu, kaka. Mpaka leo mama yako akimwona mtu anakwenda Kahama anamtuma akawaseme. Na mimi naitikia.

Studio iko wazi bado. Wateja wanasema vilevile, "Nitoe mweupe, dada." Nageuza taa ukutani kama ulivyonifundisha, wakijiona, wengine wanaomba nakala ya pili. Wakinisifu natamani kujificha.

Ile picha siwezi kuirekebisha. Picha ikishaungua kwa mwanga, hata kompyuta haiirudishi. Lakini mama yako alipofungua kilemba leo, nikaona paji lako, na shavu lako lilelile. Nimemwekea stuli. Nitampiga picha yeye, taa ikitazama ukuta, wanao wawili uliowaacha waione sura yao ilikotoka. Ila sibonyezi kabla sijamwambia ukweli. Nakuahidi. Akitaka kuinuka aondoke, aondoke.

Pumzika, kaka yangu. Ulinipa kazi ya mikono, mimi nikakuzika na uso usio wako. Nisamehe. Maneno nimeshayapanga, nitaanza na ile stuli, halafu... Ananiita. "Mama Pendo, nikae wapi?" Nakwenda. Naogopa, kaka, lakini hata kama ataondoka, namwambia.