Zimwi Mpishi na Watu Baki wa Mpemba

Jumamosi, mjini Mpemba. Baridi ya kipupwe imewahi mwaka huu, upepo umebeba vumbi la malori, na mimi nina furaha ambayo sijazoea kuiandika.

Leo nimesema neno mbele ya watu wazima.

Nianze na kitabu. Ni riwaya niliyoazima maktaba ya shule, jalada lilishang'oka. Inahusu zimwi aliyechoka kuogopwa, akafungua mgahawa mpakani mwa falme mbili, na kila aliyefukuzwa huku na huku akapata sahani yake: fisi anayeogopa giza, bibi aliyesahau jina lake, binti asiye na kivuli. Kila jioni namsomea Mama Zuhura huku akichambua maharage. Husikiliza kana kwamba ni habari za majirani.

"Huyo zimwi anapikia kuni au mkaa?" aliniuliza.

Kitabu hakisemi.

"Basi mwandishi hajawahi kupika."

Mama yangu alikuwa mpangaji wake. Alipofariki nikiwa darasa la tano, Mama Zuhura aliniacha nikae kwenye chumba kilekile. Yeye ni Mwislamu, na Jumapili ndiye anayeniamsha niwahi kwaya.

Alhamisi tulifika sura ambayo ndugu wa binti wanakuja kumchukua. Zimwi anampenda, lakini akifungua mdomo watu husikia ngurumo tu, kwa hiyo ananyamaza. Binti naye ananyamaza. Mama Zuhura akasukuma ungo pembeni. "Si aseme huyo mtoto. Mdomo anao wa nini?"

Leo asubuhi akaja baba mdogo kutoka Isansa. Amemaliza kujenga, chumba kipo, shule iko karibu. Aliongea kwa upole, sitamsingizia. "Mwanangu, wewe ni wa kwetu. Hatuwezi kukuacha ulelewe na watu baki."

Mama Zuhura akaendelea kumimina chai. Hakusema kitu.

Nakiri, niliumia. Nilidhani amenichoka.

Kisha nikaona kikombe kimejaa, chai inatiririka mezani, na yeye bado anamimina.

Nikaelewa. Mtu baki hana kauli kwenye mambo ya ukoo. Akisema mwacheni, ataambiwa anang'ang'ania mtoto wa watu. Mwenye kauli pale nilikuwa mimi, mimi ambaye darasani hujibu swali nikiwa nimeinamia daftari.

"Baba mdogo," nikasema, "Juni nitakuja kuchuma kahawa, na kaburi la baba nitalifyekea. Ila nyumbani kwangu ni hapa. Naomba unikubalie."

Alisogeza kikombe chake mbali na chai iliyomwagika. Kisha akamgeukia Mama Zuhura. "Huyu si ndiye mliyesema haongei?"

"Anaongea, shemeji. Ila lazima umsubiri."

Akacheka kidogo. Hakuniahidi kitu, alisema wazee wa ukoo ndio watakaoamua, naye atawafikishia. Lakini aliondoka peke yake, na nguo zangu bado ziko kwenye kamba.

Mchana Mama Zuhura hakuligusia jambo hilo. Aliniuliza tu zimebaki sura ngapi. Nne.

Je, wazee watakubali? Sijui. Najua tu kwamba Juni nitawaambia mwenyewe, bila kumtuma mtu. Sauti ikitetemeka, itetemeke. Sentensi nitaimaliza.