Kuku Aliyelea Bata

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Vifaranga wa bata wape pumba iliyolowekwa, kavu itawakaba.

Beseni lao la kuogelea nililimwaga asubuhi, uliniona. Yule kuku tuliyemwekea mayai ya bata alikuwa analizunguka kama mwenye wazimu, anawaita watoke, nao wamempa mgongo. Roho iliniuma. Wewe ukacheka mpaka ukashika ukuta: "Kama wewe jana, binti yako alipobeba begi!"

Haikunichekesha. Mtoto amepata kazi, amehamia kwake, sawa. Lakini kitasa cha kile chumba umekiona? Mimi sijakiona.

Basi nimekwenda kukiona. ~~Nitalala huko huko.~~ Nitarudi jioni.

Tangu nimwage maji vifaranga wanalilia beseni, mpaka nimeona aibu. Lijaze tena, maji yasizidi kiganja, na uweke tofali la kupandia. Wakitoka wakaushe vizuri, maana kuku hana mafuta ya kuwapaka manyoya kama mama bata.

Kuku akianza tena kuzunguka, mwache. Atachoka, atatulia mwenyewe.

Ila usimcheke.

Mama watoto