Mbuzi Waliokuja Kula Kichaka

Kwako Kaka mpenzi,

Pokea salamu zangu, kisha unijulishe: mgongo wako umepoa? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tupo, tunasukuma siku. Mama anakula kidogo, analala kidogo.

Kuna kioja nikusimulie. Unakikumbuka kile kichaka cha miiba nyuma ya nyumba zetu, kwenye mteremko ambapo mfyekaji wa manispaa aliteleza na mashine yake, akainuka akijifanya hajaumia? Safari hii manispaa wamekodi mbuzi. Ndiyo, mbuzi! Walishushwa kwenye lori, wakazungushiwa wavu, na mchungaji wao ana kitambulisho shingoni kama karani wa benki. Jirani wa ghorofani akasema hata mbuzi wamepata ajira, yeye na diploma yake bado amelala anahesabu mbao za dari. Nilicheka, na nilikuwa sijacheka muda mrefu.

Mama aliwasikia akiwa kitandani. Kaka, huyu ambaye kumfikisha bafuni ni vita, alivaa kandambili mwenyewe akatoka. Nilimkuta ameshika wavu, anawaita kwa ule mlio wa ulimi aliokuwa akitutambia, wa siku zake za kuchunga alipokuwa mtoto. Wakaja wote. Mchungaji alikiri kwamba yeye mwenyewe hawajawahi kumtii hivyo, akamwekea kiti. Basi mama akawa anashinda pale, akimwonyesha yupi ana mimba na yupi kwato zimezidi urefu. Mmoja alikuwa kila saa anatafuta pa kutorokea. Huyo ndiye aliyepewa na mama jina lako la utani, Kiguu na Njia.

Kichaka kilipokwisha, lori likarudi. Mama alisimama barabarani mpaka likapotea, akauliza Kiguu na Njia amekwenda wapi tena. Tangu hapo hataki kutoka, na mteremko umebaki udongo mtupu.

Sasa nikwambie lile ninalolizungukazunguka. Walipokuwa wanapakia mbuzi, mchungaji alinivuta kando kunisifu. Alisema mama amemweleza kuwa ana watoto wawili: wa kiume yuko mbali, wa kike hajui alipo, ila anamshukuru Mungu kwa mfanyakazi mwema aliyeletewa. Mfanyakazi huyo ni mimi, Kaka. Wala sikushtuka. Yalianza siku alipokataa nimwogeshe, akisema mimi ni mtu asiyemjua, akawa analia kwa aibu. Nikamwambia mimi ni mfanyakazi, nimetumwa na binti yake. Akanyamaza, akainua mikono nimvue gauni. Tangu siku hiyo ndivyo tunavyoishi. Kila jioni huniuliza binti yake atakuja lini, nami humjibu yuko njiani. Kazi naiweza. Jibu hilo ndilo linaloniua.

Njoo, Kaka. Wewe bado anakukumbuka, hata kama ni kwa mbuzi, na sijui kumbukumbu hiyo itadumu hadi lini. Usingoje kuitwa kuja kuzika.

Msalimie wifi, wabusu watoto. Ukifika, mama akinitambulisha kwako kuwa mfanyakazi wake, usimsahihishe, ataona haya. Nisalimie tu kama mgeni anavyomsalimia mfanyakazi. Ila tukibaki wawili jikoni, niite kama ulivyokuwa ukiniita, maana humu ndani hakuna tena anayeniita hivyo.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba