Meza Yangu na Mdomo wa Bata

Jumatatu, 3 Machi
Samahani, daftari. Miezi minne sijakuandikia, nilikuwa nimenuna. Chanzo ni mashine mpya ya kuchonga kwa kasi. Zamani elektrodi moja ya shaba, umbo la kuchimbia kalibu kwa cheche za umeme, ilinichukua siku tatu: vipande vinne, tupa, msasa, subira. Mashine hii huchonga kipande kizima cha grafiti, ile nyeusi ya ndani ya penseli, kabla chai yangu haijapoa. Haihitaji msasa. Haihitaji mimi.

Bosi amesema meza yangu itatolewa Ijumaa, mashine ya pili ikae hapo. Mimi nitakuwa "mshauri". Mshauri hukaa wapi? Hakusema.

Jumanne, 4 Machi
Vumbi la grafiti hadi masikioni. Mke wangu aliuliza kama nimeanza kuuza makaa. Nilimjibu kwamba swali hilo halina adabu. Alicheka peke yake—kwa muda mrefu.

Jumatano, 5 Machi
Aibu. Binti anayeendesha mashine, tunayemwita Kasi, aliniachia elektrodi ya mdomo wa bata wa plastiki wa kuchezea niipeleke kwenye mashine ya cheche, ichimbe umbo lake katika chuma cha kalibu ya kumiminia plastiki. Mkono ukashika msasa wenyewe. Miaka thelathini na mmoja haiombi ruhusa. Nilisugua mstari wa mdomo pembe hadi pembe, nikapuliza, nikaipeleka. Nilipokumbuka kwamba ilikuwa imekamilika, cheche zilikwisha kuuma chuma.

Alhamisi, 6 Machi
Bata wa majaribio ametoka. Anatabasamu. Si tabasamu la heshima—ni la mtu aliyemwona mkwewe akiteleza.

Kasi alikagua mchoro kwenye kompyuta, hakuona kosa. Akanigeukia.
"Mzee wangu, umemgusa huyu?"
"Nimemsugua kidogo."
"Kidogo kiasi gani?"
"Kiasi cha mazoea."
Alicheka hadi akakaa chini. Bosi hakucheka. Kalibu ni moja, na mteja anakuja kesho.

Ijumaa, 7 Machi
Wabebaji wa meza na mteja walifika pamoja. Nilikiri kosa langu kwa sentensi kamili. Mteja akamminya bata, bata akalia, mteja akatabasamu vilevile. Akataka kujua kama bata wa saizi zote sita wanaweza kupewa mdomo huo.

Kasi alisema mashine itachonga chochote, ila kwanza aelezwe nilichofanya. Wote wakanitazama. Sijui nilichofanya! Mkono ndio unaojua.

Mteja ameondoka na bata akamwonyeshe mkewe, mwenye kauli ya mwisho, jibu Jumatatu. Bosi akaamuru meza iachwe ilipofikia—mlangoni, nusu ndani, nusu nje. Nimefanya kazi hapo kutwa nzima, mgongo ukinyeshewa.

Mama huyo akishaamua nitakuandikia, daftari, kutoka upande wowote wa mlango.