Mdomo wa Baba Salma

Jumatatu, 7 Machi

Asubuhi Zhongda, soko la vitambaa hapa China. Mapazia ya kupeleka Kariakoo, rangi ya maziwa na ile zambarau ninayoiuza mimi, wengine wanaiga tu. Laoban, bosi wa duka la vitambaa, kanipandishia bei. Nimemkunjia uso, kashuka. Hanijui huyu.

Halafu hospitali kwa mume wangu, na uji wa mtama kwenye chupa. Mlinzi hata hakunitazama. "Bu xing, bu xing," haiwezekani, huku ananipungia mkono kama anafukuza nzi. Na lile lidawa wanalopuliza getini! Limenikaa kooni. Uji nimeunywa mwenyewe kituoni, kwa hasira.

Baba Salma hana hata hiyo korona. Ana saratani ya mapafu. Korona imefunga mlango tu.

Jumanne, 8 Machi

Salma kampata baba yake kwenye video. Salma wangu, udaktari mwaka wa mwisho, Kichina anakitiririsha mpaka Wachina wenyewe wanageuka. Ukoo mzima hakuna mwingine kama yeye. Baba yake anahema, anasema kidogo kidogo: "Mwanangu, siku ikifika wasinizibe mdomo na mipira yao ya kupumulia. Shahada yangu niitamke mwenyewe." Kisha kauliza kama yale mapazia ya zambarau nimeyapata. Mwanamume huyu!

Salma kawapigia madaktari, kawaeleza. Wamesema wamesikia.

Alhamisi, 10 Machi

Wamemtia mpira.

Pumzi ilikatika, wakamlaza usingizi, wakautia. Ndani hakukuwa na mtu wetu wa kusema hapana. Wamemtumia Salma picha. Plasta mashavuni, mdomo umeachamishwa, mate yamekaukia kidevuni. Mtu anayechana ndevu kila alfajiri! Nimetapika kwenye sinki.

Jumamosi, 12 Machi

Daktari kasema haponi tena. Mashine ndiyo inapumua. Tukikubali waitoe, mtu mmoja ataruhusiwa kuingia kumuaga. Tusipokubali, atabaki hivyo hivyo, na mlango utabaki umefungwa.

Yaani nikitaka kumwona mume wangu, nikubali afe. Kinyaa. Kinyaa kitupu. Hata wauza viatu wa soko la Zhanxi, na ujanja wao wote, hawajanipa bei chafu namna hii.

Salma ndiye aliyekuwa anatafsiri, sauti imenyooka kama mtangazaji wa redio. Alipomaliza kaingia bafuni kufungulia maji. Nimemwacha alie.

Shemeji Juma kapiga toka Dar. "Shemeji, usije ukatuulia ndugu yetu huko ugenini." Nikamwambia, "Njoo basi umpumulie wewe." Hakuna anayeingia China sasa hivi, anajua. Eti nimtumie picha aiweke kwenye kundi la familia. Nimemkatia simu. Ananichefua kuliko lile lidawa.

Jumapili, 13 Machi

Sikula. Nimeogopa Mungu, nimeogopa watu.

Nimemuuliza Salma, hiyo mashine inamtibu? "Haimtibu, mama. Inamchelewesha." Yule sheikh wetu wa Kariakoo naye kanijibu kwa ujumbe wa sauti, kuacha mashine isiyoponya si kuua. Namwamini. Ila ujumbe wake nimeurudia mara tatu.

Lakini Baba Salma mwenyewe alishasema. Sasa namsikiliza nani, yeye au Juma?

Jumatatu, 14 Machi

Nimekubali. Hapa sahihi haitoshi, unachovya kidole gumba kwenye wino mwekundu unabonyeza. Nimekisugua kwa sabuni, kwa limau, kwa chumvi. Hautoki.

Jumanne, 15 Machi

Nimeingia. Wamenivika mavazi ya plastiki mpaka kichwani, jasho linanitiririka. Chumba kinanuka dawa na mikojo. Jirani yake, pazia tu kati yetu, anakoroma na mashine yake.

Wakautoa mpira. Mlio ule sitauandika. Kinywa chake kilinuka, mimi mkewe nasema, kilinuka. Nikavua glavu. Nesi akafoka, nikamkazia macho, akageuka upande. Nikachovya kidole majini nikamlainisha midomo. Kile kile kidole chekundu. Nilijichukia. Nikaendelea.

Nikamsomea shahada sikioni, polepole, kama tunavyowasomea watu wetu. Midomo ilicheza. Nimeiona. Kisha pumzi zikapungua, zikaisha.

Salma anasema huenda ni misuli tu. Daktari wangu ana elimu. Ila yeye alibaki getini, mimi nilikuwa pale.

Jumatano, 16 Machi

Tumemzika, makaburi ya Waislamu. Watu wachache, wameachana mbali kama waliogombana. Juma kaniandikia nimweleze vizuri kwa nini nilikubali.

Ijumaa, 25 Machi

Niko eda, ndani. Kidole kimetakata chenyewe, sikuona lini.

Salma kapita Zhongda kwa niaba yangu. Laoban kasikia msiba, kampa pazia moja la zambarau, bure. Hajawahi kunipa hata uzi. Tumelitundika dirisha la chumbani. Linazuia jua vizuri, jinsi Baba Salma anavyopenda akilala mchana.