Jikoni Sitaingia

Suna, Migori
Jumatano

Mama yangu,

Huku mvua imenyesha vizuri, na zile mbegu za mboga ya osuga ulizonipa zimeota nyuma ya nyumba.

Jana nilitafuta mkutano wa watu wanaoacha pombe. Nilipita mlango mara tatu nikijifanya namtafuta fundi wa viatu, mpaka fundi mwenyewe, Mzee Machuki, akaniita. "Dada, ni hapa. Hata mimi ni wa hapa." Akafunga kibanda chake, tukaingia pamoja.

Kila mtu aliombwa aseme alionja lini mara ya kwanza. Mama, nilirudi jikoni kwetu Homa Bay: harufu ya sukari nguru, moshi, wewe ukipika chang'aa ili tusome. Ulikuwa unachovya kidole kwenye matone ya kwanza, unanilambisha. "Onja, uniambie kama imeiva." Sikuwahi kukosea. Uliniita ulimi wako, nami nikajiona mkubwa kuliko ndugu zangu wote. Sijapendwa hivyo tena.

Lakini pale mkutanoni nilisema nilionjeshwa na rafiki, huko Macalder.

Krismasi nakuja. Najua pipa bado liko motoni, na sikulaumu, ndilo lililotusomesha. Ila ukinisikia nikibisha, toka unipokee nje, tukae uani, unipe uji. Jikoni sitaingia, hata ukiniita.

Aliyekuwa ulimi wako,
Lencer