Mbegu za Mashamba Mawili

Kijiji cha Bàu Sậy,
Kando ya Mto Thu Bồn.
Tarehe 28, mwezi wa kumi wa kalenda yetu.

Mpendwa Nhạn,

Hujambo mwanangu? Mgongo vipi, bado unakusumbua kwa kushinda umesimama kiwandani? Nasikia huko Plzeň theluji imeanza. Vaa soksi mbili. Sisi huku, mimi na mama yako, tu wazima, ila magoti yangu hulalamika unyevu unapozidi, na mwezi huu umezidi.

Barua yako niliipata. Uliniomba mimi, kaka yake mkubwa, nimshawishi mama yako aache shamba aje aishi nawe, maana picha za maji sebuleni, za mafuriko ya mwezi uliopita, zilikutisha. Nilikubali kwa moyo mmoja. Sasa ngoja nikueleze yaliyotokea.

Unajua milima yetu ilivyo karibu na bahari. Mvua inayonyesha huko juu asubuhi, jioni imeshafika jikoni. Ndiyo maana wazee hawasii mpunga mpaka mafuriko ya tarehe 23 ya mwezi wa kumi yapite. Lakini mwaka huu kalenda yetu, inayofuata mwezi mwandamo, ilirudia mwezi wa sita, kwa hiyo tarehe hiyo ikasogea mbali hadi Desemba. Nikapiga hesabu: mvua hufuata jua, haifuati mwezi, basi msimu umekwisha. Tarehe 14 nikasia shamba langu lote la bondeni.

Mama yako alisimama kwenye tuta akinitazama, mikono nyuma.

"Kaka, chura bado anasaga meno."

"Thuận, nimefundisha jiografia miaka thelathini na minne."

"Na huyo chura ulimfundisha?"

Hadithi hiyo unaikumbuka. Wakati wa ukame chura alipanda mbinguni na nyuki, dubu na simbamarara kudai mvua, wakawatoa jasho walinzi, hadi Mfalme wa Mbingu akamwita mjomba na kumsihi asipande tena. Akitaka mvua asage meno tu. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kama nami nikisaga meno itanyesha, kwa kuwa ni mjomba. Mama yako hajasahau. Tangu siku ile ya tutani ananiita mjomba kibogoyo.

Alfajiri ya tarehe 23 maji yalikuja. Tulipandisha darini kwake mpunga, kuku na bakuli la ubani la kuwakumbukia marehemu babu na bibi yako, tukakaa huko siku mbili tukila wali baridi na mchuzi wa samaki. Yalipoanza kushuka tukashuka nayo, tukifagia tope kabla halijaganda sakafuni. Shambani kwangu hapakuwa na chipukizi hata moja. Bado naamini hesabu yangu ilikuwa sahihi. Ni maji tu ambayo hayakuisoma.

Mbegu nyingine sikuwa nazo. Nilikuwa nimekaa tutani nikiwaza tutakula nini mwakani, mama yako akaja na mti begani, kikapu kimoja kila ncha.

"Kimoja changu, kimoja chako."

Mbegu zilikuwa zimeshachipua vizuri, na hilo huchukua siku tatu tangu kulowekwa. Kumbe ule mtungi aliokuwa akiufunika kule darini, nikaudhania wa achari, ulikuwa na mbegu za mashamba mawili.

"Ulijuaje?"

"Nina kaka mmoja tu, namjua."

Tukasia pamoja kwenye tope jipya, laini kama uji, lililoletwa na maji yale yale. Hapo ndipo nikamfikishia ombi lako, kama nilivyoahidi. Mkono wake haukusimama.

"Mwambie nitakuja mwezi wa pili, mpunga ukishasimama, nimpikie mwezi mzima. Kuhamia, hapana. Nani atamlowekea huyu mbegu?"

Nilipaswa kumbishia. Nilikuwa nimeandaa hoja saba, zote nzuri. Lakini kikapu chake kilikuwa mkononi mwangu, nikaendelea kusia. Nisamehe, mwanangu. Mtumie tiketi ya kuja, na ya kurudi pia.

Nisalimie mumeo Quyến na mjukuu wangu Mây. Jirani yetu Bi Lựu anakusalimu, naye maji hayakumdhuru. Mbingu ikujalie afya, na mvua ya kiasi popote ulipo.

Ni mimi mjomba wako nikupendaye, mwenye meno machache na shamba la mbegu za kupewa,

Khoát